Mkono Wako Haukubungua Mbegu

Tusekile, mwanangu,

Habari za sabuni, mashuka na namna ya kukunja sare utazipata kwa mama yako, ambaye tangu asubuhi analifunga na kulifungua sanduku lako kana kwamba huko uendako hakuna binadamu. Mimi sina shauri juu ya mashuka. Nina neno juu ya jambo ulilolitenda Jumapili mbele ya kanisa zima, ambalo hatujalizungumza hata kidogo, kwa kuwa umekuwa ukinikwepa na mimi nimekuwa nikikuacha unikwepe. Kesho lori litakuchukua. Nikingoja kukuandikia shuleni, barua itafunguliwa na walimu kabla haijakufikia, na sina haja ya kuwaburudisha walimu.

Ulisema uongo. Uliusema kwa sauti safi, umesimama wima, mikono nyuma, kama mtu anayejibu hesabu ubaoni. Uongo huo ndio uliokupatia hati ya tabia njema ambayo mama yako ameilaza kati ya kurasa za Biblia yako isije ikakunjika. Naudharau uongo huo. Nimekaa hapa nikijaribu kumdharau na aliyeusema, nikashindwa, na kushindwa si desturi yangu. Kwa hiyo nitaandika mpaka nijue sababu.

Unajua baba yako ni mtu wa namna gani. Nilikuzaa nikiwa kijana ambaye wembe ulikuwa bado haujamjua, nikakuacha ungali unatambaa, nikaenda kusoma ng'ambo ya ziwa, nikarudi na shahada na masanduku mawili. Watu wa Ibaba walionipokea kwa nyimbo walipoona masanduku ni mazito walidhani ni nguo. Yalipofunguliwa na kukutwa vitabu, nyimbo zilikatika, na tangu siku hiyo hawajanisamehe. Chuoni nilishinda karibu kila mjadala, na karibu kila jioni nilikula peke yangu, wala sikuona uhusiano kati ya mambo hayo. Kijana mmoja mpole kutoka Bukoba, niliyelala naye chumba kimoja, aliniambia siku ya kuagana: "Wewe ukimshinda mtu hutosheki na kushindwa kwake. Unataka na ajue kwamba alikuwa mpumbavu tangu tumboni mwa mamaye." Nikamuuliza kuna ubaya gani akijua. Nilijiona nimemjibu vizuri sana.

Sasa nije kwenye maharage. Mengi ya haya unayajua, lakini nayaandika kwa utaratibu wake, kwa sababu hoja isiyo na utaratibu ni kelele, na kelele tumezisikia za kutosha.

Bibi Tulinagwe, shangazi yangu aliyenilea baada ya mama kufa, ndiye mtunza mbegu wa ukoo wetu. Kila mavuno wanawake wote humletea maharage ya mbegu, mekundu, ya manjano, meupe, yenye madoa, naye huyamimina pamoja katika chungu kikubwa, hukiziba kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na hakifunguliwi mpaka mvua za kupandia. Hukifungua yeye mwenyewe. Inasemekana ipo mikono ambayo mbegu huipenda, na ipo mikono mibaya ambayo ikigusa mbegu, fukusi huzaliwa ndani yake. Kwa ajili ya mkono wake mzuri ukoo ulimpa Bibi nyumba na shamba pale ndugu za mumewe walipomfukuza. Hana kitu kingine duniani. Amekula, amevaa na ameheshimiwa kwa sababu ya kiganja.

Baada ya mavuno ya mwaka jana nilikutuma uniletee gao moja la mbegu, kiasi cha kiganja kimoja, kutoka chungu hicho. Bibi alikuwa amekwenda Itumba msibani, nami sikuona sababu ya mtu mwenye elimu kumngoja mwanamke atoke msibani ndipo apate maharage. Ulifungua, ulichota, ukaziba upya kwa uangalifu kuliko wengi wa wale wanaokusema. Mvua zilipokaribia, Bibi akafungua. Tulikuwa wote pale uani. Alitia mkono ukatoka na unga, na katika unga huo wadudu wadogo wa kijivu wakamtambaa hadi kwenye kiwiko.

"Nani alifungua chungu hiki?" akauliza.

"Mimi, Bibi. Baba alinituma."

"Kwa mkono upi?"

Ukanyoosha wa kulia. Wanawake waliokuwa wamesogea na vikapu vyao wakarudi nyuma, na mmoja akamvuta mwanawe asisimame karibu nawe. Siku ile ulisema kweli, na kweli ikakutia matatani. Nadhani ulijifunza somo pale, na lilikuwa somo baya kuliko yote uliyopata chini ya paa langu.

Kila mtu mwenye cheo alikuwa na maelezo, na sikumbuki kama nimewahi kukutana na maelezo mengi namna ile yaliyokuwa mabovu kwa usawa. Bwana Shamba wa Kizungu aliyepita kutoka Tukuyu alitazama chungu kwa muda ambao mtu hutazama saa yake, akasema wenyeji ni wavivu wa kuanika. Maharage yale yalianikwa mpaka yakalia kama changarawe. Lakini ni vigumu kumwambia mtu jambo wakati tayari ameshapanda farasi. Baba yako mdogo Yotamu, ambaye alifanya kazi migodini Rodesia ya Kaskazini na kurudi na kofia na maneno machache ya Kibemba, alisema huko wenye akili hununua unga wa mahindi dukani na kuepuka taabu ya mbegu. Akaulizwa mwenye duka hupata wapi mahindi. Akasema, "Mukwai, hayo ni mambo ya kampuni."

Na Mzee Lazaro, mzee wetu wa kanisa. Huyu kila Jumapili hukemea hirizi, ramli na uganga mpaka mate yanamtoka. Nilipokwenda kumwomba hati ya tabia, ambayo shule yako haikubali msichana bila hiyo, alinikaribisha kiti, akanipa chai, akafumbata mikono.

"Mwalimu, mtoto huyu ana jambo mkononi."

"Ana vidole, Mzee."

"Usifanye mzaha. Sisi hatuamini ushirikina."

"Ndivyo ninavyokusikia ukihubiri."

"Hatuamini. Lakini mkono mbaya upo. Atubu kwanza, ndipo niandike."

Nikamuuliza atubu dhambi ipi, ya kutumwa na baba yake? Akasema dhambi nyingine mtu hazijui mpaka azitubu. Nilisoma falsafa kidogo chuoni, na naweza kukuhakikishia kwamba hakuna mwanafalsafa aliyewahi kuifikia sentensi hiyo.

Nilikuwa na jibu, Tusekile, na ulilijua, maana wewe ndiwe uliyelitwanga kinuni. Katika chungu kile kilichoharibika, mekundu manene yalikuwa matundu matupu, ya manjano vivyo hivyo; lakini vile vidogo vyeusi vyenye madoa ya kijivu, ambavyo wanawake huvilaani kwa uchungu wake na kuvipika kwa kumwaga maji ya kwanza, vilikuwa vizima. Fukusi walivitembelea. Tuliona matundu madogo kama ya ncha ya sindano ambamo watoto wao walikuwa wameingia, na tulipovipasua tukawakuta humo ndani, wadogo, wamekauka, wamekufa wakiwa na chakula pande zote. Mtoto wa fukusi aliyekufa kwa njaa katikati ya ghala! Nilicheka siku ile mpaka mama yako akaja kutazama.

Ukaniuliza kama ni ugumu wa ganda. Lilikuwa swali zuri, bora kuliko lolote nililoulizwa na mtu mzima tangu nirudi. Ndipo tukayatwanga yale meusi na mekundu, kila aina peke yake, tukafinyanga vidonge kwa maji na kuvikausha. Ganda likawa limeondoka kabisa katika hoja. Tukapandikiza watoto wa fukusi humo. Katika vidonge vya unga mwekundu walinenepa. Katika vile tulivyochanganya na unga mweusi walidumaa, wakafa. Na tulipouchemsha unga mweusi kwanza, tukaukausha na kufinyanga tena, waliishi wote kwa raha. Kwa hiyo kuna kitu ndani ya mbegu ile, si gandani, na kitu hicho huvunjika kwa moto. Ndiyo sababu sisi wenye vyungu na kuni tunakula, na fukusi asiye na jiko anakufa. Mmea hauna miguu ya kukimbia wala mkono wa kumpiga adui, basi umemwekea sumu mezani. Hata fukusi wale wa kunde, wanaoletwa na jamaa zetu kutoka joto la Momba, tuliwatia katika maharage yetu yoyote, watoto wao wakafa: kila mdudu ana mlango wake na kila mbegu ina kufuli yake. Na fukusi wetu hawahitaji mkono wa msichana kuwaingiza chunguni. Hutaga mayai kwenye makaka ya maharage yanayokaukia shambani, huvunwa pamoja na mbegu, hubebwa nyumbani kichwani kwa heshima zote.

Haya yote nilitaka kuyasema. Lakini nilitaka zaidi kushinda, na hapo ndipo nilipokosea.

Ningeweza kumchukua Bibi peke yake, nikampasulia mbegu moja, nikamwonyesha yule mdudu aliyekauka. Macho yake bado ni mazima na akili yake ni kali kuliko ya Mzee Lazaro na kwaya yake yote. Badala yake nilidai jaribio la hadharani. Vibuyu vitatu. Katika cha kwanza ulitia wewe, kwa mkono ule ule wa kulia, maharage mekundu tuliyoyachagua moja moja. Katika cha pili ulitia wewe meusi. Katika cha tatu Bibi alitia mekundu, na hakuna mwingine aliyeyagusa. Kila kimoja kikawekewa fukusi, kikafungwa kitambaa kwa kamba, vikatundikwa jikoni kwa Mzee Lazaro mwenyewe, ambako moto hauzimiki na fukusi hupenda joto, pasiwe na wa kusema mwalimu amefanya kiini macho. Hoja ilikuwa nzuri kama mkufu. Kama mkono wako ndio mbaya, meusi yaharibike na ya Bibi yapone. Kama ni mbegu, meusi yapone na ya Bibi yaharibike.

Nilijua yataharibika. Nilimtazama mwanamke aliyenitafunia chakula nilipokuwa sina meno akihesabu punje zake kwa kiganja kile kile kilichomlisha, akitabasamu kwa kujiamini, nami nilijua. Nikaona fahari.

Jumapili, baada ya ibada, vibuyu vikafunguliwa uwanjani. Cha kwanza: unga. Watu wakaguna na kukutazama. Cha pili: meusi, mazima. Wakaguna kidogo. Cha tatu Mzee Lazaro alikiinamisha juu ya ungo, na unga wa mbegu za Bibi ukamwagika na fukusi wakitembea juu yake.

Nilikwisha kufungua kinywa niseme. Yotamu aliniwahi.

"Ee, mukwai! Kumbe mkono mbaya uko kwa bibi mwenyewe!"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikafa, maana walianza kulifikiri. Ningekuwa na busara ningejua kwamba mjinga anayecheka hana madhara. Wa kumwogopa ni mjinga anayeanza kufikiri.

"Basi ni la ukoo," akasema Mzee Lazaro polepole. "Limetoka kwa shangazi, likashuka kwa mtoto."

"Na meusi?" nikapaza sauti. "Aliyatia nani? Mtoto huyo huyo, mkono huo huo! Mbona ni mazima?"

"Yale machungu?" Mzee Lazaro akageukia watu. "Mwalimu, machungu yale hata shetani hali."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Unaona, mwanangu? Alikuwa ameitamka hoja yangu yote, kwa ufupi kuliko mimi, bila kujua. Shetani hali kwa kuwa ni machungu. Hayana fukusi kwa sababu ya kilicho ndani yake! Nilipiga kelele nikieleza hivyo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka, maana mtu anayefafanua kichekesho ni kichekesho cha pili. Nimesoma vitabu vingi juu ya namna ya kuthibitisha jambo. Hakuna hata kimoja kilichoniambia kwamba imani mbovu haifi ikikanushwa, huongeza jamaa. Asubuhi ile ilikuwa na mtu mmoja, na mchana, kwa msaada wa sayansi yangu, ilikuwa na wawili.

Wakati nikibishana, mambo yaliendelea pasipo mimi. Mke wa Mzee Lazaro alisema kwa upole, upole ule wa mtu anayevuta blanketi la mwenzake aliyelala, kwamba pengine chungu cha mbegu kihamie kwake. Mwanamume mmoja akasema na nyumba ya mtunza mbegu je, na shamba lake? Mwingine akasema yapo ya kujadiliwa. Bibi alikuwa ameketi kwenye jiwe karibu na mlango wa kanisa. Alikuwa amegeuza viganja vyake juu na alikuwa akivitazama.

Ndipo uliposimama.

"Nilikifungua mimi," ulisema. "Kibuyu cha Bibi. Nilipokwenda kwa Mzee kumtekea mama wa nyumba maji, Jumamosi. Nilitia mkono."

"Ulitia mkono kwa nini?" akauliza Mzee Lazaro.

"Nilitaka kuona."

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

Ungeona uso wa yule mzee! Ulikuwa umempa dhambi kamili, yenye siku, mahali na kiungo cha mwili. Akakuwekea mkono kichwani, akakuombea ombi refu, watu wakasema amina kwa nguvu kama watu walioshiba. Mke wake akanyamaza habari za chungu. Bibi akakunja viganja vyake. Jioni hati ikaandikwa, nayo inasema kwamba wewe ni msichana mtiifu mwenye moyo wa toba.

Tangu vibuyu vile vitundikwe nilikukataza kukanyaga jikoni kwa mzee, na Jumamosi zote wasichana wenzako wa kipaimara walipokuwa wakiteka maji yake, wewe ulikuwa kwangu ukitwanga. Nilikuwa na ushahidi huo kinywani. Sikunyamaza kwa hekima. Usije ukanisifu kwa jambo hilo baadaye. Nilikabwa na hasira. Uliligeuza jaribio langu kuwa takataka kwa sentensi chache. Kibuyu cha tatu ndicho kilichobeba hoja yote, nawe ulikitia mkono ambao haukuwahi kukifikia.

Sasa nikuambie makosa ya uongo huo, kwa kuwa ninakuheshimu kiasi cha kukubishia. Kwanza, utadumu. Kijana atakapokuja kuulizia habari zako, wapo watakaomwambia, na mtu wa kumtaja kuwa shahidi watakuwa naye: wewe mwenyewe. Hilo ni shauri lako, na kijana atakayeogopa kiganja chako atakuwa amekuondolea taabu ya kumfukuza. La pili ni zito. Siku moja chungu kingine kitafunguliwa kwenye vilima hivi na fukusi watatoka. Fukusi hutoka, ndiyo kazi yao. Na atakuwapo msichana mwingine, asiye na baba mbishi, atakayeulizwa ni mkono upi. Akikana ataambiwa: "Hata yule wa mwalimu, baba yake alimkania kwanza. Mwishowe alikiri." Umemwokoa mwanamke mmoja kwa kumkopesha mzigo mtoto ambaye hujamjua. Nimeizungusha hoja hii siku hizi zote na sijaona tundu ndani yake. Kama unaliona, niandikie. Walimu wasome, sitajali.

Leo mchana nilikwenda kwa Bibi kukuombea baraka ya safari. Nilimkuta akichambua maharage kwenye ungo.

"Umekuja kubishana?" akauliza kabla sijaketi.

"Nimekuja kwa ajili ya Tusekile. Anaondoka kesho."

"Mtoto ana adabu yule. Sijui kaitoa wapi."

"Shangazi, unajua hakukifungua kibuyu chako."

"Alikifungua. Si alisema?"

"Alisema ili wasikunyang'anye chungu. Jumamosi zote alikuwa kwangu."

Alitupa punje mbovu, akaendelea kuchambua. "Baba, mtu akisema kafanya, kafanya. Au shahada yako imekupa ruhusa ya kuwafahamisha watu yale wasiyoyafanya?"

"Ningekuonyesha mbegu, ungeona."

"Wakati wa kunionyesha ulikuwapo," akasema. "Ukanionyesha mbele ya Yotamu."

Sikuwa na la kujibu. Nakuandikia hili ili ujue kwamba limenitokea, maana hutaliamini kwa mtu mwingine.

Akanipa kifurushi cha maharage mekundu, kwa ajili ya safari yako. Kiko kwenye kikapu, chini ya viazi. Na nilipokuwa mlangoni aliniita, akasema: "Mwambie amwachie mwingine ayatie chunguni. Asiyashike kabla hayajachemka."

Nilirudi nyumbani nikitukana njia nzima. Umejitia doa la maisha kwa ajili ya mwanamke anayeliamini doa hilo! Anakupenda, amekupa mbegu zake bora, na anauogopa mkono wako. Nilikuja moja kwa moja kwenye meza hii nikuandikie kwamba ulitupa sadaka yako jalalani, na tazama asante uliyopata.

Kisha nikakumbuka uso wako ulipokuwa ukisema, nikaelewa kwamba ulijua. Ulijua ataamini. Uongo usingemfaa kitu kama asingeuamini. Ilibidi auamini yeye kwanza kuliko wote, ili aweze kukunja vile viganja na kuamka kesho yake kama mtunza mbegu. Mimi sijawahi kumfanyia mtu jambo jema bila kutaka ajue nani alikuwa sahihi. Hata chai nikimpa mtu, namweleza habari za majani yake. Wewe ulimpa Bibi nyumba yake na ukamwachia na haki ya kukudharau, ukaketi. Una miaka ya kuruka kamba.

Bado nasema ulikosea. Hoja ya yule msichana mwingine imesimama, na siku utakapokuwa na nguvu za kuuondoa uongo ule, utauondoa wewe mwenyewe, mahali pale pale, mimi sitakufanyia. Lakini usiuondoe Bibi angali hai. Naandika sentensi hiyo na mkono wangu unaikataa.

Huko uendako watakufundisha ushonaji na nyimbo, maana ndivyo wanavyodhani vichwa vya wasichana vimeumbwa. Shona, imba. Lakini ukikutana na mwalimu yeyote anayefahamu elimu ya kemia, mbane. Muulize ni kitu gani hiki kilichomo ndani ya mbegu, kinachoua mdudu na kuvunjwa na maji ya moto. Mimi sikijui jina lake. Nimetafuta katika vitabu vyangu vyote nikakuta waandishi wakipiga chenga kama Mzee Lazaro, ila kwa lugha ndefu zaidi. Akikuambia Mwafrika haulizi maswali hayo, au msichana haulizi, basi umekutana na Bwana Shamba mwingine aliyepanda farasi. Mwache apite, muulize anayefuata. Na yale mekundu uliyopewa, yashike kwa mkono wa kulia. Yashike yote, mabichi, kabla hujayapika.

Kesho nitakusindikiza hadi barabarani. Mama yako ameniambia kwamba Mzee Lazaro naye atakuja na kwaya, na kwamba amekwisha kutangaza ataomba pale pale kando ya lori, amshukuru Mungu kwa kuutakasa mkono wako. Atasema hivyo, kwa sauti, mbele ya dereva na abiria wasiotujua, na Bibi atakuwapo akisikiliza. Nina majibu manne tayari. Mojawapo ni zuri kiasi kwamba dereva angelisimulia hadi Tunduma.

Nitavua kofia, nitainamisha kichwa, na atakapomaliza nitasema amina.

Usidhani nimekubaliana naye.

Baba yako.